Kanisa Lisilo na Paa Ukingoni mwa Ziwa

Neno letu limo katika Ezekieli 11:16. Watu wa Yerusalemu wametwaliwa mbali na hekalu, nao waliosalia mjini wanawahesabu kuwa wako mbali na Mungu pia. Bwana anakana jambo hilo: hao aliowatawanya, yeye mwenyewe amekuwa patakatifu pao huko waliko.

Twawaomba mlifikiri neno hilo pamoja na magofu yaliyo katika ziwa letu hili. Kwa miaka mingi waliopanda meli ya Liemba huko Kigoma walimaliza safari yao Mpulungu, nchi ya Zambia. Karibu na hapo, mahali paitwapo Niamkolo, pana kanisa la mawe. Kuta zipo, mnara upo, paa hakuna. Lilijengwa na Wamisioni wa London katika 1895 na 1896. Watu wa chama hicho ndio waliofika Ujiji Agosti 1878. Bwana Thomson alifariki hapo Ujiji mwezi uliofuata. Bwana Dodgshun alifika Machi 1879, naye akafa siku chache baadaye. Kwa gharama hiyo Injili ilishuka hata kusini ya ziwa.

Kwao Uingereza magofu ya nyumba za watawa ni mengi, maana mfalme Henry wa 8 alizifunga kati ya 1536 na 1540. Niamkolo haikufungwa na mfalme, bali na mdudu: mbung'o akaaye vichakani karibu na maji, aletaye malale. Wenyeji wa ukingo wakahamishwa, na katika 1908 kituo kikaachwa. Paa nalo likateketea kwa moto.

Tusilidharau jengo lile; waliobeba mawe yake walimtolea Mungu jasho la kweli. Lakini je, waliohamishwa walimwacha Mungu nyuma pamoja na mnara? Hasha! Kazi iliendelea huko juu Kawimbe, na matunda yake leo yamo katika Kanisa la Umoja la Zambia, lililoundwa 1965.

Katika 2020 na 2021 maji ya ziwa yalipanda, hata watu wa ukingoni pande zetu za Kigoma wakaacha nyumba zao. Twakiri kwa aibu: tulipokutana baada ya hayo, tulihesabu mabati na mabenchi kabla ya kuuliza majina ya watu.

Basi, ninyi waalimu, fungueni kitabu cha usharika. Yamo majina ambayo hayajaitwa siku nyingi: mjane aliyehamia kwa mwanawe mlimani, mvuvi aliyefuata dagaa kambi nyingine, kijana aliyekwenda kutafuta kazi. Msingoje warudi kwenye mabenchi yao. Wafuateni na Neno, mkatuite tuwaletee Meza ya Bwana. Nasi wachungaji tukisema njia ni ndefu, mtukumbushe habari za Ujiji.