"Nimeona kwa Macho Yangu"

Mara nyingi katika miji yetu twasikia mtu akimtetea mganga kwa kusema: "Msinibishie, nimeona kwa macho yangu akitoa misumari ndani ya godoro la mgonjwa." Msemaji huyo si mwongo. Lakini je, kuona kwake kwatosha kuwa hoja?

Hatukanushi sihiri iliyotajwa katika Qurani Tukufu. Lakini wanavyuoni wetu walijua kupambanua. Imamu Fakhruddin Razi, aliyefariki mwaka 606 wa Hijra (1210), alipozigawa aina za sihiri katika tafsiri yake, alikitaja na kiinimacho. Alieleza kwamba mfanyaji hodari huwaonyesha watu jambo la kuzishughulisha akili zao na kuyavuta macho yao. Wakisha kuzama humo, hufanya jambo jingine kwa haraka, nao wasilitambue.

Wataalamu wa zama zetu wameyapima haya. Mwaka 2005 Gustav Kuhn na Benjamin Tatler walieleza jaribio lao la Uingereza. Mfanya kiinimacho alikitowesha kiberiti cha gesi, na watu walipokuwa wakistaajabu, akaiachia sigara ianguke mapajani mwake, waziwazi mbele yao. Walio wengi hawakuiona. Chombo cha kufuata mwendo wa macho kilidhihirisha ajabu zaidi: walioiona na wasioiona hawakuhitilafiana katika mahali walipoyaelekeza macho. Mchezo uliporudiwa, takriban wote waliiona.

Basi jicho laweza kufika na moyo usiwepo. Mwenye kuushika moyo wa mtazamaji ameyashika na macho yake.

Sasa na tufikiri. Mganga afukiza ubani, asoma kwa sauti, amwamuru mama wa mgonjwa autazame moshi wa chetezo. Wakati huo mkono wake wa pili u wapi? Mama hajui, wala jirani aliyesimama mlangoni hajui. Kisha misumari yaonekana, na jina la mtu latajwa kuwa ndiye aliyeitia. Katika Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi.

Kudanganywa macho si dhambi. Hata wenye akili hudanganywa. Dhambi ni kulitoa jina la mtu kwa jambo tusilolijua. Qurani yatufunza kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Na shahidi wa kweli hashuhudii ila alijualo. Aliyekuwapo na aseme: "Niliona misumari mkononi mwake." Asiseme: "Niliiona ikitoka godoroni," maana mwanzo wake hakuushuhudia. Wala asiseme: "Fulani ndiye aliyeitia."

Baina ya kauli hizo pana heshima ya jirani, na pengine roho yake.

Wallahu aalam.