Je, Kuficha Jina ni Kuficha Dhambi?

Liko swali ambalo walimu na wazee wa sharika wameniuliza mara nyingi, nami naona yafaa tulifikiri pamoja. Watu waliofungwa na dawa za kulevya wakitaka kukutana peke yao ili wasaidiane kuacha, bila kuandika majina yao na bila mzee wa kanisa kuketi nao, je, tuwape chumba? Wengine hukubali upesi. Wengine husema, Hapana; maana afichaye jina lake aficha dhambi yake, na kanisa halina kazi na makusanyiko ya siri.

Kwanza yatupasa kujua mikutano hiyo ni ya namna gani. Mwanzo wake ulikuwa watu wawili. Mwezi wa Mei mwaka 1935, Bill Wilson, mtu wa New York, alikuwa katika mji wa Akron, Marekani. Alikuwa mlevi aliyeacha pombe miezi michache tu, na shughuli iliyomleta mjini ilikuwa imeharibika. Alipokuwa katika hoteli akasikia kelele za wanywaji, akaiogopa nafsi yake. Ndipo alipokwenda penye simu akampigia mchungaji mmoja wa mji ule, wala hakuomba mawaidha, bali aliomba aonyeshwe mlevi mwingine apate kuzungumza naye. Kwa njia hiyo akafikishwa kwa Robert Smith, daktari mpasuaji, naye mlevi. Smith alikusudia kuketi naye robo saa tu, lakini waliketi saa nyingi hata usiku. Mwezi uliofuata Smith alikunywa mara ya mwisho. Hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha Alcoholics Anonymous. Na mwaka 1953, huko California, wengine wakaanzisha Narcotics Anonymous kwa ajili ya watu wa dawa za kulevya.

Tuangalie vema neno hili. Daktari yule hakukosa elimu, wala hakukosa watu wa kumwonya. Alilokosa ni mtu aliyepita njia ileile. Wazee wetu walisema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi wachungaji na walimu twaweza kusema maneno ya kweli, na mtu akayasikia, akayakubali, akarudi nyumbani vilevile; maana moyoni asema, Huyu hajui. Lakini aliyelala kitanda kile akimwambia, Mimi nami niliiba sufuria ya mama yangu nikaiuza, ndipo kichwa kilichoinama huinuka.

Wala mambo haya si ya ng'ambo tu. Pwani yetu imeujua unga, yaani heroini, kwa zaidi ya miaka thelathini. Huko Zanzibar, karibu na mwaka 2009, watu waliokwisha kuacha walianza nyumba za upataji nafuu, nao walioingia humo walifundishwa kukutana na kusemezana kwa desturi ya vyama hivi. Na wengi wao ni Waislamu. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya muuguzi, ili mtu asiteswe na kiu ya unga.

Desturi za mikutano ni nyepesi. Mgeni haulizwi dini wala kabila. Sharti ni moja tu, awe ataka kuacha. Hakuna ada, kikapu hupitishwa, naye awezaye hutoa. Kila mtu husema habari zake mwenyewe, na wenziwe hawamkaripii wala hawambishii. Hahesabu miaka iliyo mbele, bali siku ya leo. Aliyetangulia humlea aliye mgeni. Mikutano mingine huwakaribisha ndugu na majirani, na mingine ni ya wenyewe tu. Na lisemwalo humo hubaki humo.

Basi turudie swali letu. Mwenye kupinga atasema, Mficha maradhi kilio humfichua. Ni kweli. Lakini mtu huyu hafichi maradhi yake. Ameyafunua mbele ya wale wawezao kumsaidia. Amewaficha wale tu ambao wangeyafanya wimbo wa kisimani. Mwizi huficha ili aendelee. Huyu huficha ili aache. Daktari hasomi majina ya wagonjwa sokoni, wala hatumwiti mwongo. Na sisi wenyewe, mtu akija kwa mchungaji kuungama kwa faragha, mchungaji hana ruhusa kuyatoa nje maneno yale. Kama twaona siri hiyo ni takatifu, mbona iwe uovu kwa wengine?

Hata hivyo siri hii ina mpaka. Auzaye unga asipate kivuli humo. Mtoto akiumizwa, hapana kunyamaza. Na jina lililofichwa kwa kijiji halifichwi kwa mke aliyeibiwa. Maana hatua za vyama hivi zenyewe zamtaka mtu awakumbuke aliowadhuru, na kutengeneza alipoharibu, ila pale ambapo kufanya hivyo kungewaumiza zaidi.

Katika mji mkubwa mtu hupotea katika watu wengi. Lakini kwetu mambo ni mengine. Kilosa ina reli, na Mikumi ina barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Kila kitu chaweza kufika. Tuseme kijana wa Mabwerebwere aliachishwa unga Dar es Salaam, akahudhuria mikutano, akapata nguvu. Arudi nyumbani, alime, auze ufuta, ashike fedha mkononi. Jioni ile hana hata mmoja wa kumwambia, Naogopa. Na kama kipo chumba, anayeingia huonekana na kijiji kizima. Kwetu basi siri haitunzwi na pazia la dirisha. Hutunzwa na ndimi za walio nje.

Kwa hiyo nawashauri walimu mambo machache. Atakaye mkutano na aulize penye zahanati itoayo methadoni, au hospitali ya mkoa, au kwa afisa wa ustawi wa jamii, au kwa watu wa nyumba za upataji nafuu. Asipoupata karibu, na akumbuke kwamba Akron walikuwa wawili. Na siku hizi simu huwaunganisha walio mbali. Chumba kiwe kile kitumiwacho kwa shughuli nyingi, ili mlango wenyewe usimtangaze mtu. Mwenye ufunguo afungue, aende zake.

Tena msimshauri mtu aache methadoni kwa sababu amepata mkutano. Dawa ni ya daktari, na mkutano ni wa moyo. Mlevi wa pombe wa miaka mingi asiache ghafula pasipo mganga, maana aweza kushikwa na degedege na kufa. Na aliyekaa muda mrefu bila unga ajue kwamba kipimo chake cha zamani sasa chaweza kumwua. Kwa hiyo akianguka, asijifiche kwa aibu, bali arudi upesi kwa wenzake.

Basi jibu langu ni hili: tuwape chumba. Kuficha jina si kuficha dhambi, ikiwa mtu amekwisha kuisema mahali panapofaa. Lakini chumba ni sehemu ndogo ya sadaka yetu. Viti na taa si vigumu kutoa. Kilicho kigumu ni siku ile utakapomwona mtoto wa jirani akitoka katika mlango ule, kisha ukutane na mama mmoja njiani akuulize, Yule alikuwa akifanya nini pale? Jibu lako siku hiyo ndilo litakaloonyesha kama arudi juma lijalo.