Mlevi ni wa Nani?

Msimu wa korosho ufikapo katika mkoa wa Mtwara, tangu mwezi wa Oktoba hadi Desemba, chini ya mikorosho hujaa mabibo mekundu na ya manjano. Korosho yenyewe huenda ghalani na kuuzwa mnadani. Bibo huoza upesi, basi hukamuliwa likawa uraka; na uraka ukivukizwa huwa nipa, ndugu yake gongo, pombe kali iliyokatazwa na sheria. Kijana wa Msimbati, huko karibu na mlango wa Mto Ruvuma, hana haja ya kusafiri mbali kuitafuta pombe. Bali akitaka kuiacha, ndipo aonapo safari ndefu mbele yake.

Twauliza basi: mtu aliyefungwa na pombe ni wa nani? Wako wasemao ni wa polisi, maana amejitakia. Wako wasemao ni wa hospitali, maana ni mgonjwa. Sisi twasema ya kuwa kwanza ni wa kwao, wala polisi na hospitali hawawezi kuwapokonya jamaa zake wajibu huo.

Wala tusieleweke vibaya. Hatuwadharau waganga wa hospitali. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi, akikatizwa pombe ghafla, aweza kutetemeka, kuweweseka, kupatwa na kifafa, hata kufa. Kumfungia chumbani bila mganga si upendo, ni hatari. Kadhalika kwa wale waliotekwa na heroini, hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kutoa dawa ya methadoni, na wengi walioteswa na arosto wamerudi kazini na kwa watoto wao. Lakini dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa mtu wa kijiji cha mbali, nauli ya kila siku ni mlima. Tena dawa humtuliza mwili. Haimwambii atakaa na nani jioni atakaporudi nyumbani.

Hapo ndipo penye shida. Mtu huacha pombe akiwa mbali, kisha hurudi kwa basi la jioni, hapokelewi na mtu, na jina lake kijijini lingali lile lile: mlevi. Wa kwanza kumkaribisha kwa furaha ni wenzake wa kilabuni. Je, twastaajabu nini akirudia?

Wengine wamekwisha kuitambua shida hii. Huko Zanzibar, vijana waliopata kutumia heroini wamejenga nyumba za kuishi pamoja bila dawa za kulevya. Walizichukua zile hatua kumi na mbili zilizotoka Marekani, katika chama cha walevi kilichoanzishwa mwaka 1935, wakazifundisha kwa Kiswahili na pamoja na swala za dini yao ya Kiislamu. Kule Kanada, watu wa kabila la Inuit wa Nunavut walipelekwa kwa miaka mingi miji ya kusini kutafuta tiba ya ulevi, wakitibiwa kwa lugha ngeni na chakula kigeni. Wazee wao wakadai tiba iwe kwao: uwindaji, kambi za nyikani, lugha ya mama. Hawakuikataa elimu ya mganga. Walikataa kuponywa kana kwamba hawana kwao.

Na sisi je, hatuna kitu? Pwani ya kusini ina jando na unyago. Jandoni mvulana hutengwa, hufundishwa na wakubwa, kisha hurudishwa mchana kweupe kwa ngoma, amevikwa nguo mpya, na kijiji kizima hukubali ya kuwa sasa ni mtu mwingine. Tazameni hekima hiyo! Wazee walijua ya kuwa haitoshi mtu kubadilika. Hana budi kupokewa na mashahidi. Aliyeacha pombe hana ngoma, hana nguo mpya, hana shahidi. Kwa nini asipewe?

Mtu atatujibu ya kuwa mila hizo hizo ndizo zinazomimina pombe, maana ngoma nyingi hazichezwi bila mtungi. Ni kweli. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini aifuataye asili bila kuipima naye ni mtumwa. Pale Masasi, mapadre wa Kianglikana pamoja na Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa huko mwaka 1926, hawakulifuta jando. Walilichuja, wakaacha yaliyowafaa na kutia mafundisho yao. Kuchuja kwawezekana. Sherehe ya kumpokea aliyeacha pombe yaweza kuwa na ngoma na ubwabwa bila mtungi, na mjomba aliyemshika mkono jandoni aweza kumshika tena.

Yapo mengine mawili ya kupimwa. Kwanza, kusema mlevi ni wa kwao si kumwamuru mke avumilie kipigo. Mke na watoto nao ni wa kwao, na usalama wao hutangulia. Pili, nyuma ya mitungi mara nyingi yuko mama anayepika pombe ili apate daftari na sare za watoto. Kumvunjia mitungi bila kumwonyesha riziki nyingine ni kumhamishia mtu mmoja msiba wa mwingine. Mabibo yaweza kukaushwa, kupikwa jamu, au kukamuliwa juisi. Lakini juisi yataka mnunuzi, na mnunuzi huyo ni mimi na wewe.

Enyi wazazi, twawasihi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Msimfiche mwana mlevi kwa aibu, wala msimtoe nje kwa hasira. Mpelekeni kwa mganga mapema, na siku ile atakaporudi, watu wa nyumba watoke njiani kumlaki. Anayerudi nyumbani na kukuta mlango wazi amepata sababu ya kutorudi kilabuni. Na sababu hiyo haiuzwi katika duka lo lote la dawa.