Usiku wa Nyavu Nao ni Mazoezi

Wanangu mnaocheza mpira hapa Kigoma, Ujiji, Mwanga na Gungu, na nyie mabinti wa netiboli, na yule mmoja mmoja anayekimbia peke yake barabara ya Bangwe alfajiri akidhani hatumwoni: nina neno nanyi. Sijawahi kuona kizazi chenye bidii kama chenu. Lakini hesabu yenu mbovu. Mnahesabu mazoezi yale tu ambayo kocha amepuliza filimbi.

Kijana anaingia ziwani jioni, anavuta nyavu za dagaa usiku kucha, anashuka ufukweni Kibirizi jua likichomoza, anabeba mzigo hadi kwenye vichanja, ananywa chai na muhogo. Saa kumi jioni yuko uwanjani, anapanda kilima mbio kwa sababu wenzake wanapanda. Muulize leo kafanya mazoezi mangapi, atasema moja. Amefanya mawili, na lile la usiku ndilo lililokuwa gumu zaidi. Msuli hauna habari kama ulichokuwa unavuta ni kamba ya wavu au chuma cha jimu. Umefanyishwa kazi, nyuzi zake ndogo zimechanika, akiba yake ya sukari imekwisha, na sasa unadai chakula na usingizi ili ujishone. Ukiupa haki yake, unarudi imara kidogo kuliko jana. Usipoupa, kesho unaanza kazi na deni, na keshokutwa deni limezaa. Hivyo ndivyo anavyopatikana yule mchezaji ambaye kila mtu mtaani anasema “alikuwa anakuja vizuri sana,” halafu ghafla akapotea.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hamtalikuta kwenye video za simu, maana waliozitengeneza hawajavua dagaa hata siku moja. Kalenda yenu ya mazoezi iko angani. Usiku wa giza taa za mitumbwi zinakusanya dagaa, na nyie mko kazini. Mwezi ukikaribia kupevuka, mwanga wake unazishinda taa, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi mingi inalala ufukweni wiki nzima, pengine na zaidi. Wiki hiyo ni yenu. Vilima, mbio za kasi, kuruka, kuchuchumaa na mwenzako mgongoni, yote yale mazito yawekeni hapo. Siku tatu ngumu kwa wiki zinatosha, na kati ya ngumu na ngumu ipite siku nyepesi. Maumivu ya misuli huwa hayajafika kileleni siku ileile. Huja kesho yake au keshokutwa, na ndiyo maana kijana anajiona mzima Jumanne, anarudia kilima, kisha Alhamisi hawezi kushuka ngazi.

Giza likirudi, punguzeni. Asubuhi ya mvuvi ni ya kulala, hakuna cha mbio za alfajiri. Jioni mbili au tatu kwa wiki, dakika 40 za mpira wenyewe, pasi, mashuti, na mbio fupi chache za nguvu zote ili miguu isisahau kasi. Msiogope kwamba mtarudi nyuma. Mazoezi yakipunguzwa wingi huku makali yake yakibaki, mwili unashikilia ulichokipata kwa wiki kadhaa. Kinachoumaliza ni kuacha kabisa, au kulazimisha kila kitu kwa pamoja.

Ila msijifidie. Mbalamwezi ikifika, msiseme “giza lote nimepumzika, leo namaliza deni.” Moyo na mapafu hujifunza upesi, kano na mifupa huchelewa. Pumzi inakwambia twende, kano ya kisigino bado iko wiki tatu nyuma. Wengi wanaochechemea hapa mjini waliumizwa na pumzi nzuri.

Makocha wa mchangani, na nyie nawasema kidogo. Anayelala usiku kucha kwa mama yake na anayeshuka kwenye mtumbwi asubuhi hawawezi kupewa zoezi moja. Ulizeni kwanza, “nani alikuwa ziwani?” Swali hilo halina gharama.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi ile mitatu ilikuwa migumu mifukoni, sikatai. Lakini angalieni: ziwa lenye maji yasiyo na mwisho machoni petu lilihitaji kupumzishwa ili lizae. Na wewe wa kilo sitini unaniambia huna haja ya kupumzika.

Wazee waliopita mji huu walilijua hili la kupumzika kwa miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo na kufika Ujiji, kwa njia ambayo wapelelezi Burton na Speke waliifuata hadi hapa Februari 1858, ilibebwa na wapagazi, wengi Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 30. Siwazungumzii waliofungwa minyororo, wale hawakuwa na hiari ya kutua. Nawazungumzia waliokuwa na kazi yao na mshahara wao. Waliondoka alfajiri, wakapiga kambi kabla jua la mchana halijawaka. Palipokuwa na nyika isiyo na maji walipiga terekeza, safari ya alasiri mpaka jioni, lakini hiyo ilikuwa ya dharura, na msafara uliojaribu kuifanya kila siku uliacha watu na mizigo njiani. Wakifika Tabora walikaa. Hakuna aliyewaita wavivu, maana walivuka nchi nzima kwa miguu na kurudi.

Wakimbiaji wakubwa wa zama zetu hawako mbali na wapagazi hao. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, ukimkuta kambini Kaptagat, Kenya, siku yake nyepesi utashangaa: anajivuta na wenzake mwendo ambao hata kijana wa Kasulu angeumudu. Makali anayaweka siku ya makali. Nyie mnafanya kinyume. Siku nyepesi mnakimbia kama mnafukuzwa, siku ngumu ikifika hamna kitu, basi siku zote zinafanana, za kati kwa kati. Kipimo ni rahisi: siku nyepesi, ukishindwa kumaliza sentensi nzima bila kukatika pumzi, punguza mwendo. Na anayejua kujitunza hudumu: mkimbiaji wetu wa marathoni Alphonce Simbu alipata shaba ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu ya dunia ikaja Tokyo Septemba 2025, saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa unywele kwenye mstari hata wakaandikiwa muda mmoja. Kati ya shaba na dhahabu ni miaka minane. Na mtoto wetu wa Kigoma, Juma Kaseja, alikuwa golini Cairo mwaka 2003 Simba ilipoitoa Zamalek kwa penalti. Mwaka 2019 akawa golini tena Taifa Stars ilipoitoa Burundi kwa penalti. Miaka 16. Mwili unaochunwa kila siku haudumu miaka 16.

Usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9, na nyie ambao ndevu bado zinatafuta njia, 8 hadi 10. Aliyekesha ziwani azilipe mchana. Najua nyumba ya bati saa sita inavyochemka, najua watoto wa jirani. Basi oga, funika dirisha kwa khanga nzito, shusha chandarua hata mchana, na simu mpe mama. Lala mafungu mawili kama fungu moja halipatikani: lile refu ukishuka tu kutoka ufukweni, na jingine fupi kabla ya mazoezi. Asubuhi zile ulizolala nyumbani, kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono uhesabu mapigo dakika nzima. Ukishaijua namba yako ya kawaida, siku ikipanda kama kumi hivi, na kesho yake vilevile, mwili unakuarifu jambo. Siku hiyo fanya nyepesi, au kaa.

Kwenye chakula, nyie ni matajiri msiojijua. Vijana wanauliziana unga wa makopo wa kujenga misuli, na dagaa mkavu anauzwa hatua ishirini kutoka walipokaa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kalsiamu ya mifupa imo humohumo. Ugali wa muhogo unatia nguvu ya kukimbia, ila peke yake haushoni msuli, kwa hiyo usiule na mchuzi mtupu ukasema umeshiba. Uleni na dagaa, migebuka, maharage. Kisamvu cha mawese nacho kina faida yake. Kuleni ndani ya saa moja au mbili baada ya kazi nzito, msisubiri usiku. Maji, jipime kwenye mizani ya duka kabla na baada ya mechi: kila kilo iliyopungua ni maji yaliyotoka, irudishie lita moja na nusu polepole, na chumvi kwenye chakula. Vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu vinakukopesha usingizi wa kesho kwa riba.

Ramadhani sisemi sana, Ujiji tunaijua. Zoezi zito lifanyike baada ya futari, chakula kikishatulia, au jepesi karibu na magharibi ili futari iwe jirani. Mchana wa jua kali na saumu, hapana.

Nimeona mnajitosa ziwani baada ya mechi mkisema mnafanya kama wachezaji wa Ulaya. Wao wanakaa kwenye maji ya barafu, nyuzi 10 hadi 15. Ziwa letu juu lina nyuzi 25 na kuendelea. Mnaoga tu, wanangu, na si vibaya kuoga. Hata hao wa Ulaya, maji ya baridi baada ya kunyanyua uzito hupunguza ukuaji wa msuli. Wanayatumia mechi zikibanana. Lakini kwenye matete na majani ya majini, pale konokono wanapokaa, pana kichocho. Ogeni penye maji safi yenye mawe na mawimbi.

Hapo ndipo penye jambo linaloniuma. Kijana anachoka wiki ya tatu mfululizo, kocha anamwita mlegevu, anamwongezea mizunguko. Kumbe ana malaria, au kichocho cha tumbo, au damu imepungua. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch mwaka 1974, alisumbuliwa na malaria karibu na Olimpiki ya 1976, na yule alikuwa Bayi. Uchovu usioisha kwa kupumzika si wa kutibiwa kwa mbio. Ni wa kupimwa damu na choo. Mabinti, kwenu hili ni zito zaidi, maana damu mnaipoteza kila mwezi. Dagaa na maharage vipate limao pembeni ili madini ya chuma yaingie, na chai isinywewe pamoja na chakula.

Ukitegua kifundo cha mguu, siku hiyo usichuliwe kwa mafuta ya mise hata kama bibi anakuja na chupa tayari. Funga kitambaa, inua mguu, weka barafu ya samaki ndani ya nguo dakika 15 au 20. Na sindano ya diklofenaki ya kuua maumivu ili ucheze fainali ni kuizima kengele huku moto unawaka. Badala yake, dakika 20 kabla ya mpira pasheni miili kwa mpango ule wa FIFA wa 11+, wa mbio, nguvu na kusimama mguu mmoja. Timu za ridhaa zilizoufuata kweli zilipunguza majeruhi kwa theluthi na zaidi. Hauhitaji hata koni, mawe yapo.

Limebaki la tajiri wa mtumbwi. Mechi ikiwa Jumapili na giza limeingia, mwendee Jumatano, si Jumamosi jioni kamba ikiwa mkononi. Mwambie usiku wa kuamkia Jumapili hutapanda, na mletee wa kushika nafasi yako, mtu anayejua kazi. Huyo aliyekushikia mpe fungu lake la usiku huo, usidai nusu. Matajiri wengi wa Kibirizi wana timu zao, na wakishindwa huzungumza wiki nzima. Atakusikiliza.