Mtoto Hakuulizwa

Sema kuna mzee Muislamu hapa Gitothua. Alifika Ruiru kabla Thika Road haijapanuliwa, akanunua kipande cha shamba, akajenga vyumba vya kukodisha kimoja baada ya kingine mpaka ikawa ploti ya kueleweka. Ana mke wa nikaha na watoto watatu. Pia ana watoto wawili na mama mwingine anayeishi vituo vichache kutoka hapa, mwanamke ambaye hakuwahi kumuoa mbele ya sheikh wala mbele ya serikali. Walianza tu kuishi, wakaendelea. Karo ya hao wawili alilipa. Jina lake wanalo. Mtaa mzima unajua ni wake. Kisha mzee anafariki, na kabla arubaini haijafika swali limeshabisha hodi: kodi ya mwezi huu inaenda kwa nani?

Mzee huyu nimemtunga. Kesi yake sijaitunga. Tarehe 30 Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitupa rufaa ya mjane mmoja wa Pwani aliyesema kwamba watoto ambao marehemu mumewe aliwazaa nje ya ndoa ya Kiislamu hawana fungu katika mirathi yake. Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshawakubalia watoto. Majaji wa juu wakasema vivyo hivyo: kwamba Katiba haimruhusu mtu kubagua mtoto kwa sababu ya namna wazazi wake walivyokutana, hata kama baba alikuwa Muislamu.

Mnakumbuka simu zilivyowaka. Viongozi wengi wa Kiislamu waliupinga uamuzi huo waziwazi: mirathi imo ndani ya Qur'ani kwa hesabu kamili, nusu, robo, thumuni, na jaji wa Nairobi hana kalamu ya kuhariri hapo. Upande wa pili watu wakashangilia kana kwamba Gor wamefunga bao: hatimaye, dini imeingia karne hii. Wahafidhina huku, wanamageuzi kule, na sisi wengine katikati tunaulizwa tuko timu gani.

Mimi nadhani timu zenyewe zimepangwa vibaya.

Angalia kwanza kile kinachoitwa msimamo wa asili. Ni kweli kwamba wanazuoni wengi wa Kisunni, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya Waswahili wengi, wanasema mtoto wa nje ya ndoa anamrithi mama yake na si baba. Lakini walikuwapo wengine, na si watu wadogo. Kauli kwamba mwanamume akimkiri mtoto wa aina hiyo, na mama hakuwa mke wa mtu, basi nasaba inaweza kuthibitishwa, imepokewa kutoka kwa Hasan al-Basri, na karne nyingi baadaye ikaungwa mkono na Ibn Taymiyya. Ndiyo, huyo huyo Ibn Taymiyya ambaye wahafidhina wa leo wanamnukuu kila Ijumaa. Nasaba ikithibiti, mirathi inafuata. Kwa hiyo ukisema mtoto huyu arithi, huwezi kuambiwa moja kwa moja kwamba umeleta Uzungu. Na Ibn Taymiyya mwenyewe alifia kifungoni Damaski mwaka 1328, kwa kuwa wenye dola hawakupenda fatwa zake. Hilo la dola kuchagua fatwa tutalirudia, maana ndiko kwenye tatizo.

Kisha angalia kile tunachokiita sheria ya Kiislamu ya Kenya. Kilikujaje Ruiru, karibu kilomita mia tano kutoka baharini? Mwaka 1895 Waingereza walifanya mapatano na Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa Pwani wa maili kumi, na mahakama za makadhi zikaendelea kuwako. Oktoba 1963, uhuru ukikaribia, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohamed Shamte walikubaliana kwa barua: Sultani aachilie ukanda, Kenya ilinde makadhi. Sheria ya 1967 ikazipa mahakama hizo nafasi nchi nzima. Halafu Bunge likapitisha Sheria ya Urithi mwaka 1972, moja kwa Wakenya wote, ikaanza kutumika 1981. Waislamu wakaipinga kwa miaka, na mwaka 1990 ikarekebishwa: mali ya Muislamu aliyefariki igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Yaani aya za mirathi zimekuwako karne kumi na nne, lakini kile kinachomfungia mlango mtoto wa ploti yetu ni kijifungu cha Bunge chenye umri wa watu waliosikiliza kaseti.

Sisemi hivyo kwa dharau. Waliopigania marekebisho ya 1990 walikuwa na haki: jamii ndogo inapoambiwa kwamba sheria moja kwa wote ni usawa, mara nyingi huo usawa una sura ya jamii kubwa. Ninachosema ni kwamba imani ikishaingizwa katika sheria ya nchi inakuwa kitu kingine. Inapata mhuri, inapata polisi, na inapata jaji wa kuifasiri. Huwezi kuomba serikali itekeleze fiqhi yako leo, kisha kesho ukashangaa serikali hiyo hiyo ikitoa maoni juu ya fiqhi.

Kuna Januari mbili za kanda yetu hii ambazo napenda kuziweka pamoja.

Januari 1975, Mogadishu. Siad Barre anatangaza sheria mpya ya familia: mwanamke atarithi sawa na mwanamume. Masheikh wanapinga misikitini. Tarehe 23 mwezi huo huo kumi kati yao wanauawa kwa risasi.

Januari 1985, Khartoum. Rais Nimeiri ametangaza sharia tangu Septemba 1983. Mzee mmoja wa zaidi ya miaka sabini, Mahmoud Mohamed Taha, anasema hiyo si sharia bali ni kuumiza watu, na kwamba ujumbe wa Makka, ule wa uhuru na usawa, ndio wa kujengea sheria za leo. Tarehe 18 ananyongwa kwa kuritadi. Haikupita miezi mitatu, Nimeiri mwenyewe akapinduliwa.

Mogadishu waliuawa wahafidhina kwa jina la mageuzi, Khartoum akauawa mwanamageuzi kwa jina la uhafidhina. Ukitaka kunishawishi kwamba swali kubwa ni tafsiri ipi, nieleze ni tafsiri ipi ingewaokoa wote kumi na mmoja. Mwanafunzi wa Taha, Abdullahi An-Na'im, alikwenda ughaibuni na mwaka 2008 akachapisha kitabu, Islam and the Secular State, ambacho hoja yake kuu ni nyepesi kuisema na ngumu kuimeza: kumtii Mungu kwa amri ya serikali si utiifu tena. Sharia inayotekelezwa na dola imeshakuwa siasa ya waliomo ndani ya dola.

Nakubaliana naye nusu safari. Nusu inayobaki ni hii: mirathi si kama swala. Ukiacha kuswali, hakuna jirani anayelala njaa. Mali ya marehemu lazima iende mahali, hati ya ploti lazima iandikwe jina, na benki haitaki mjadala wa fiqhi. Kwa hiyo serikali haiwezi kukaa kando. Hapo ndipo Katiba yetu ya 2010 ilipofanya jambo ambalo sioni likisifiwa vya kutosha. Kifungu cha 170 kinasema kadhi anasikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka ya mahakama hiyo. Na kifungu cha 24(4) kinalegeza haki ya usawa kwa ajili hiyo tu, kwa kiasi kile ambacho ni lazima kabisa.

Wamekubali. Neno hilo ndilo linalobeba uzito wote. Dada Muislamu anayekwenda kwa kadhi akijua kwamba kaka yake atapata mara mbili yake, na kwamba kaka huyo naye ana wajibu wa kumlisha, anafanya jambo ninaloweza kuliheshimu hata nikibaki na maswali. Ameingia kwa miguu yake. Ukitoa ridhaa hiyo, unachobaki nacho ni mtu kuadhibiwa kwa imani ya mwingine.

Na mtoto wa nje, aliridhia wapi? Hakuchagua nikaha isifungwe. Pengine hata si Muislamu. Pengine kalelewa na mama yake kwenye kanisa la mabati hapo nyuma. Qur'ani yenyewe inasisitiza zaidi ya mara moja kwamba dhambi ya mtu haibebwi na mwingine. Lakini ona lugha yetu ilivyofanya: kwa wanazuoni kilicho haramu ni kitendo cha wazazi, ila Kiswahili kikachukua neno hilo na kumbandika mtoto, mwanaharamu, kisha kikalifanya tusi la uwanjani. Tumefanya kwa sarufi kile ambacho dini ilikataa.

Najua majibu mawili ya kweli hapa, na sitaki kuyapita haraka.

La kwanza: hata mtoto wa ndani hakuchagua. Kuzaliwa ndani ya nikaha ni bahati kama bahati nyingine, na mirathi yote ni kupata usichokitolea jasho. Sawa. Lakini hoja hiyo inaangukia upande wangu. Kama hakuna kati yao anayestahili kwa kazi yake, basi anayetaka kuwatenganisha ndiye mwenye kazi ya kutoa sababu, na kitendo cha watu wengine miaka ishirini iliyopita hakinitoshi.

La pili ni la mjane, na ni zito zaidi. Yeye aliolewa kwa masharti. Alivumilia, pengine alichangia tofali za hiyo ploti kwa pesa za chama, akijua nyumba yake iko ndani ya ukuta fulani. Sasa marehemu analetewa watoto siku ya matanga na mahakama inasema wagawane. Uchungu huo naujua. Mitaa ya huku Ruiru imejaa matanga ya namna hiyo, na si ya Waislamu peke yao. Lakini tuulize kwa upole: nikaha ilimuahidi nini hasa? Haikumuahidi kwamba watoto wake watakuwa peke yao. Mume wake angeweza kuoa wengine watatu bila kuvunja sheria yoyote ya dini, na watoto wa hao wangerithi sawasawa na wake. Kwa hiyo alichopoteza mjane mahakamani si hesabu ya watoto. Ni heshima ya kile kiapo, tofauti kati ya aliyeingia kwa mlango na asiyeingia. Heshima hiyo ni ya haki. Ila malipo yake yasitoke mfukoni mwa mtoto.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuna timu iliyomtaja. Baba.

Sheria ile ile ya mapokeo, bila mageuzi yoyote, ilikuwa imemwekea milango wazi. Wasia: mpaka theluthi moja ya mali kwa mtu asiye mrithi, na mtoto wa nje kwa kauli ya wengi ni asiye mrithi, kwa hiyo anaingia hapo bila shida. Hiba: akiwa hai na mzima angeweza kumkabidhi vyumba vinne vya mwisho akamaliza. Wakfu pia upo. Mzee wa ploti alikuwa na miaka thelathini ya kuandika karatasi moja, na hakuandika, kwa sababu kuandika kungemaanisha kumwambia mke, na kumwambia mke kungeharibu chakula cha jioni. Basi akawaachia majaji. Ninapoona wanaume wakipiga kelele mtandaoni kwamba mahakama imeingilia sheria ya Mungu, natamani kuuliza ni wangapi wameandika wasia.

Na ndiyo maana siwezi kuushangilia uamuzi wa Juni kama wale wa timu ya pili. Matokeo nayakubali. Jaji aliposema hii ndiyo Katiba ya Kenya, alikuwa kazini kwake. Lakini kila mara mahakama au mwanaharakati anapokwenda hatua moja mbele na kusema kwamba huu ndio Uislamu sahihi, nasikia mwangwi wa Mogadishu, japo kwa sauti ndogo na bila risasi. Serikali iseme sheria yake ni ipi, na imlinde aliye dhaifu. Masheikh waendelee kubishana kama walivyobishana tangu Basra, na mmoja wao akitaka kufufua kauli ya Hasan al-Basri katika darasa la jioni, asiwe na haja ya kibali cha mtu.

Kinachokuja sasa ni kigumu kuliko kesi hii. Mtoto wa nje hakukubali mamlaka, hilo ni rahisi. Lakini sema binti wa ndani, Muislamu, mwenye hijabu na digrii, anasema: mimi ni Muislamu, naswali, nafunga, ila kwa mirathi hii sikubali kwenda kwa kadhi, nataka sawa na kaka zangu. Je, bado sheria ya 1990 inamshika kwa sababu baba alikuwa Muislamu, au neno la Katiba, kukubali, linamwachilia? Tunisia walijaribu jibu mwaka 2018: mswada uliofanya usawa kuwa kanuni, na kumwachia kila mtu nafasi ya kuandika kwamba mali yake igawanywe kwa sharia. Baraza la mawaziri likaupitisha, Rais Essebsi akafariki mwaka uliofuata, na mswada haukuwahi kuwa sheria. Hapa kwetu hakuna mswada. Kuna dada mkubwa, kaka wawili, na hati ya ploti ambayo bado ina jina la marehemu.