Kumkumbuka Mama Aliyemcha Mungu



Akifa mama mzee katika usharika, aliyemcha Mungu na kulea wana na wajukuu, sisi sote hujua la kufanya. Kengele hupigwa, watu hukusanyika, nyimbo huimbwa, na kila mwana husimama kusimulia jinsi mama alivyoamka alfajiri kusali. Jambo hili ni jema. Lakini nawauliza, wasomaji, na hasa ninyi waalimu wa sharika: je, maneno yale ndiyo ukumbusho wenyewe? Au mtu aweza kumsifu mama yake kaburini, hali alimsahau tangu siku nyingi?

Na tuitazame habari ya mama mmoja ambaye sisi Walutheri twamtaja mara kwa mara, lakini wanaojua mwisho wake ni wachache. Ndiye Katharina von Bora, mkewe Dr. Martin Luther.

Alizaliwa mwaka 1499 katika nchi ya Ujerumani, akapelekwa kwa watawa angali mtoto. Wakati wa Pasaka mwaka 1523 alitoroka pamoja na watawa wenziwe, kwa msaada wa mfanya biashara mmoja wa mji wa Torgau, na mwezi wa Juni 1525 akaolewa na Luther. Wakakaa Wittenberg, katika nyumba kubwa ambayo zamani ilikuwa ya watawa wanaume. Alizaa watoto 6. Elisabeth alikufa angali mchanga, naye Magdalena alikufa mwaka 1542, umri wake miaka 13. Zaidi ya wanawe aliwalea yatima wa jamaa zao, akawapokea wanafunzi waliolipa chakula na malazi, na wageni wengi. Alilima bustani, akafuga ng'ombe, nguruwe na samaki, akapika pombe ya shayiri, akauguza wagonjwa. Luther alikuwa mkarimu mno, wala hakujua kushika fedha. Kama si mikono ya mkewe, meza yake iliyosifiwa ingalikuwa tupu.

Luther alilijua deni hili. Mwaka 1542 aliandika wasia kwa mkono wake, akamwachia mkewe shamba la Zulsdorf, nyumba ndogo, na vikombe na vito. Akaeleza sababu zake: mkewe amekuwa mwaminifu kwake, tena haifai mama aitazame mikono ya watoto wake, bali watoto ndio waitazame mikono ya mama yao.

Lakini Luther hakuwapenda wanasheria, wala hakuufanya wasia ule kama sheria ilivyotaka. Alipokufa, Februari 1546, sheria ya Saksonia haikumkubali mjane kuwa mrithi kwa namna ile. Mtawala wa nchi aliuthibitisha wasia, walakini Katharina na wanawe waliwekewa wasimamizi, na mshauri mkuu wa mtawala akataka watoto wa kiume waondolewe kwake, akimwona ni mama mwenye gharama nyingi. Kisha vita vikaja. Alikimbia mara mbili, na aliporudi alikuta shamba limeharibika na mifugo imekwisha. Ikampasa kukopa, na kumwandikia mfalme wa Denmark kuomba msaada. Mwaka 1552 tauni iliingia Wittenberg, akaondoka kwenda Torgau. Njiani farasi walishtuka, akaanguka kutoka garini, akaumia sana. Akafa tarehe 20 Desemba mwaka ule, ana miaka 53.

Si kwamba alikosa rafiki kabisa, wako waliomsaidia. Lakini fikirini: wangapi walikuwa wamekula mezani pake? Mikono iliyowalisha wengi ikawa mikono ya kuomba.

Mtu atasema, mama amchaye Mungu hatafuti mali. Hazina yake iko mbinguni. Ni kweli. Lakini neno hilo ni lake yeye kulisema, si letu. Mjane akisema, Mungu atanitosha, hiyo ni imani. Mwana akimwambia mama yake, Mungu atakutosha, hali yeye mwenyewe amelishika shamba, huo ni wizi uliovikwa nguo ya sala.

Wala tusidhani ni habari ya Saksonia tu. Kanuni za mila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963, kwa makabila yenye kufuata ukoo wa baba, zilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Hili ni kinyume kabisa cha wasia wa Luther. Watoto wakiwa wema, mama ataishi kwa amani. Wasipokuwa wema, atakwenda kwa nani?

Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo, alifundisha kwamba kumtunza mama mjane ni kazi ya wanawe kabla haijawa kazi ya kanisa. Naye Bwana wetu, alipokuwa msalabani katika maumivu yake, hakutoa hotuba ya kumsifu mama yake. Alimkabidhi kwa mwanafunzi wake, naye akampokea nyumbani kwake.

Basi, enyi waume, upendo wenu kwa wake zenu uandikeni mapema, mbele ya mashahidi, kama sheria itakavyo; maana nia njema ya Luther peke yake haikumkinga Katharina. Enyi wana, yale mtakayosema kaburini, yatendeni mama angali anasikia. Nanyi waalimu, mkiombwa kuzika mume, msirudi nyumbani kabla ya kuuliza mjane atalala wapi. Kisha, siku ya mama ikifika, sifa zetu zitakuwa za kweli, nasi tutaimba bila kuona haya mbele za Mungu.