Kuni Zisizoonekana: Deni la Mpishi wa Televisheni

Katika desturi zetu kupika na kulisha ni mambo mawili yaendayo pamoja, kama kinu na mchi. Apikaye hutarajiwa kupakua, na mgeni aingiaye wakati wa kula huambiwa anawe mikono. Siku hizi, hata hivyo, yuko mpishi wa namna nyingine: yule apikaye mbele ya kamera ya televisheni, akaonja peke yake, akatabasamu, kisha akawaaga maelfu ya watu ambao hawakupata hata tonge moja. Watu hao humjua kwa jina na kwa sauti, na wengine humpenda kama jamaa yao. Yafaa basi tujiulize: mpishi huyo ana deni gani kwa mtazamaji wake? Na ikiwa analo, atalilipaje, maadamu chakula chenyewe hawezi kumpa?

Swali hili laweza kuulizwa popote, lakini mahali pa kulipima vema ni makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara nchini Uganda. Makazi hayo yalianza kupokea watu kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowakutanisha sokoni. Mbarara ni nchi ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, nchi ya maziwa, samli na matoke. Nakivale, wengi hulima viwanja vidogo na kungojea msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, uwe wa unga na maharagwe au wa fedha. Msaada huo umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020, na ilipofika 2023 familia zilianza kupangwa kwa makundi kufuatana na uhitaji wao, nyingine zisipate kitu. Walakini picha za televisheni na za simu hazina mgao. Hufika Mbarara na Nakivale kwa rangi zile zile.

Wako watakaosema kwamba kumwonyesha mtu wa mgao nyama ikikaangwa kwa siagi ni ukatili. Wahenga walinena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na neno lao ni zito. Lakini historia yatushauri tusihukumu upesi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1940, redio ya BBC nchini Uingereza ilianzisha kipindi cha asubuhi kilichoitwa The Kitchen Front, ili kuwafundisha watu kupika kwa kile kidogo walichogawiwa. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, Philip Harben alianza kupika katika televisheni ya BBC. Mwaka ule ule hata mkate uliingizwa katika mgao, na mgao wenyewe haukwisha kabisa mpaka 1954. Kwa hiyo mpishi wa televisheni hakukulia karamuni tu. Alikulia pia katika uhaba. Mtu wa mgao haachi kuwa mtu mwenye ulimi na kumbukumbu. Hakuchagua unga wala maharagwe aliyopewa, lakini namna ya kuyaunga ni uamuzi wake mwenyewe, na pengine ndio uamuzi pekee uliobaki mikononi mwake siku hiyo. Kumnyima hata kutazama, kwa kisingizio cha kumhurumia, ni kumhesabu kuwa tumbo lisilo na akili.

Basi kosa haliko katika kile kinachoonyeshwa. Liko katika kile kinachofichwa. Mtazame mpishi wa televisheni: vitunguu vimekwisha kukatwa na kutiwa katika vibakuli, maji yako tayari, na moto huwaka kwa kuzungusha kidole. Mara asema, "Sasa tuache vichemke," na kufumba na kufumbua sufuria ya pili, iliyopikwa tangu alfajiri, yatolewa chini ya meza. Hakuna aliyekwenda kutafuta kuni. Hakuna aliyepanga foleni ya maji. Moshi hakuna, masizi hakuna. Sahani iliyofunikwa, kilichomo kimesitirika. Ila hapa kilichositiriwa ni jasho.

Jambo hili si dogo. Tuchukue sombe, mboga ya majani ya muhogo ipendwayo na Wakongo, ambayo sisi wengine huiita kisamvu. Jani la muhogo likiwa bichi lina asili ya sumu iitwayo sianidi, na kulitwanga na kulichemsha kwa muda mrefu ndiko kuipunguzako sumu hiyo. Saa zile za kutwanga na kuchemsha ni sehemu ya chakula, sawa na mawese au karanga. Anayeziruka bila kuzitaja hufundisha hatari. Maharagwe nayo, kwa asiye na kuni, ni kama changarawe zilizofungwa mfukoni. Hata eshabwe, mchuzi mweupe wa Ankole usiopikwa motoni, una gharama isiyoonekana. Kabla ya samli, chumvi ya mwamba na maji baridi kukutanishwa kwa mkono mvumilivu, palikuwapo malisho, palikuwapo ukamaji, palikuwapo maziwa ya siku kadhaa yaliyosukwa katika kibuyu. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Sasa yatazame matokeo. Nyuma ya mpishi mwenye jina wamo wasaidizi wanaomenya, wanaopima na wanaoosha sufuria, nao aghalabu hawana jina. Na mbele yake, nyumbani, yupo mume aliyeona pilau likiiva kwa nusu saa, akamgeukia mkewe kumwuliza kwa nini chungu chake kingali mafigani mpaka magharibi. Yupo pia binti atumwaye kuni mbali, akirudi jioni, kazi yake isihesabiwe kuwa ni sehemu ya mapishi. Hivyo sifa humwendea anayeonekana, na lawama humwendea asiyeonekana. Hiyo ndiyo dhuluma yenyewe.

Atajibu mtu kwamba kipindi ni cha nusu saa tu, na kwamba hakuna atakayekaa kuangalia maharagwe yakichemka. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Hatudai saa tatu za moshi. Twadai neno la kweli. Mpishi na aseme: chungu hiki kilikaa motoni saa tatu, kilitaka mzigo mzima wa kuni, na wenzangu wawili walinisaidia kumenya. Tena si kweli kwamba ukweli huwafukuza watazamaji. Julia Child, aliyeanza kipindi chake The French Chef mjini Boston mwaka 1963, aliwahi kurusha chapati ya viazi, vipande vikamwangukia jikoni. Aliviokota akavirudisha kikaangoni mbele ya macho ya watu, nao wakazidi kumwamini. Na mwaka 2023 Hilda Baci wa Nigeria aliposimama kupika mjini Lagos kwa saa 93 na dakika 11, kilichowavuta watu kumtazama ni hizo saa zenyewe.

Nasi walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwalimu atafutaye somo lenye uhai atalipata katika mapishi: amri, mfuatano wa vitendo, vipimo, majina ya vyombo. Lakini asiishie hapo. Na awaonyeshe wanafunzi wake kauli ya kutendwa, wapendayo mno wapishi wa televisheni: vitunguu vimekatwa, maji yamechemshwa, sufuria zimeoshwa. Kisha aulize baada ya kila sentensi: na nani? Mtoto wa Nakivale atajibu upesi, kwa kuwa amjua mtu huyo nyumbani kwao. Mtoto wa Mbarara huenda akafikiri kidogo kabla ya kujibu, na kufikiri huko nako ni elimu. Mpishi wa televisheni akijifunza kujibu swali hilo mwenyewe, bila kuulizwa, atakuwa amelipa deni lake, na mchuzi wake hautapungukiwa hata punje ya chumvi.